Mota ndani ya fremu: ipo kweli, au ni maneno ya barazani?

SWALI: "Assalamu aleikum fundi. Mimi ni kijana wa Kisauni, naendesha baiskeli ya mbio na wenzangu kila Jumamosi alfajiri, Makupa hadi Mariakani na kurudi. Barazani kwetu kumezuka ubishi. Wenzangu wanasema wale wazungu wa mbio za Tour de France wameficha mota ndani ya baiskeli, ndiyo maana wanapanda mlima kama wanaoteremka. Wamenionyesha video: mwendeshaji ameanguka, yuko chini, na baiskeli inazunguka peke yake barabarani. Lisemwalo lipo, fundi. Na sasa kuna mwenzetu amenunua baiskeli ya kaboni ya mtumba. Tangu aipate, kile kilima cha Mazeras anatuacha sote bila hata kuhema. Vidole vyake haviachi kuchezea usukani, na ukimkaribia unasikia kamlio, zzz, zzz. Mimi nina kilo 84, yeye ni mkavu tu, 60 sidhani kama zinafika. Je, mota ya namna hiyo ipo? Na nitaijuaje?"

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Mota ipo. Nianzie hapo, kwa sababu kuna watu wazima wanaoapa kuwa jambo hilo haliwezekani, na hao nao wanakosea. Lakini kutoka "mota ipo" hadi "fulani anayo" ni mbali kuliko Makupa na Mariakani, na wenzako wameiruka safari yote hiyo kwa video moja.

Mimi kazi yangu ni mota. Nazisuka upya zilizoungua, za pampu, za feni, siku hizi na za tuktuk na baiskeli za umeme, na kando yake nakarabati baiskeli za kawaida. Kwa hivyo hili swali lako limenikuta nimekaa katikati ya vitu vyote viwili.

Kampuni moja ya Austria iliuza kwa miaka kadhaa mota iitwayo Vivax Assist. Mwanzoni ilijulikana kama Gruber Assist. Wala haikuwa bidhaa ya kichochoroni. Ilitangazwa waziwazi kwa watu wa makamo na wenye maradhi wanaotaka kuendelea kupanda milima na wenzao bila kubaki nyuma. Ni silinda nyembamba inayotumbukizwa ndani ya bomba la kiti, lile linaloshuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye krenki, penye pedeli. Mwisho wake wa chini una gia ndogo inayoumana na ekseli ya krenki. Ukibonyeza swichi, ekseli inazungushwa na miguu yako inasaidiwa. Betri unaitia kwenye kimfuko chini ya kiti. Kila kitu pamoja, hakifiki kilo 2. Kwa nje huoni chochote, ila masikio yanasikia mngurumo kidogo, kama mashine ya kunyolea.

Sasa swali la kifundi: kitu kidogo hivyo kina maana gani kwa mtu mwenye miguu kama ya wale? Hapa ndipo watu wengi hupotea. Hufikiri kuwa ili mota ikufae lazima ikusukume kama bodaboda. La. Tumchukue mtu tunayemjua, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1985, aliyelelewa kimbio na David Kinjah kule Kikuyu na kuibeba bendera ya Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006 kabla hajaanza kushindana kwa jina la Uingereza. Mwaka 2015, kwenye Tour, alishinda hatua (yaani mbio za siku moja) iliyoishia juu mlimani La Pierre-Saint-Martin. Minong'ono ilikuwa mingi hata timu yake ikaamua kutoa hesabu hadharani: wati 414 kwa wastani, kwa dakika 41 na kitu. Aliyefuata nyuma yake alichelewa kwa sekunde 59.

Piga hesabu. Sekunde 59 ndani ya dakika 41 ni kama asilimia 2 na nusu. Mlimani, ambapo karibu nguvu yote inakwenda kupigana na uzito wala si upepo, asilimia 2 na nusu ya wati 414 ni wati 10. Kumi tu! Taa ya jikoni kwako inakula hivyo. Na ukitaka wati 10 kwa dakika 41, hata ukihesabu zinazopotea kwa joto, betri moja inatosha, zile za duara tunazozitoa kwenye laptopu mbovu na kuzitia kwenye tochi. Ina uzito usiofika gramu 50.

Simsemi Froome. Baiskeli zake zilikaguliwa na hakikupatikana kitu, na yeye mwenyewe mwaka 2016 alisema alikuwa amewahi kuwaeleza UCI, wale wakuu wa baiskeli duniani, wasiwasi wake kuhusu mota. Nimemtaja kwa sababu hesabu zake zilitolewa wazi. Ninachotaka ushike ni kwamba udanganyifu wa aina hii hauhitaji kuonekana. Mtu anayepaa mlimani akawaacha wenzake wameduwaa si lazima ndiye mwenye mota, na mwenye mota anaweza kuwa yule anayemaliza wa nane, akiwa kimya, siku zote wa nane. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour nzima, wiki tatu za mashindano, kwa sekunde 8. (LeMond huyohuyo miaka ya karibuni amekuwa mmoja wa wanaopiga kelele zaidi kutaka mota zitafutwe.)

Ila mota ina deni lake. Ni chuma na sumaku na shaba, inabebwa. Kila kilo moja unayoongeza kwa mtu kama Froome na baiskeli yake inamgharimu kama nusu dakika kwenye mlima ule. Ukibeba kilo 2 na mota imezimwa, umeshajifunga dakika nzima. Unaweza kuniuliza: basi kwa nini mtu ahangaike? Kwa sababu ya sheria moja ya UCI yenyewe, kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Fremu za kaboni zimekuwa nyepesi mno, fundi hodari anaweza kuijenga baiskeli ikawa chini ya hapo, kisha inambidi aongeze uzito ili ikubalike. Sasa huo uzito wa kuongeza, ni nani anayejua ni wa nini? Kama mtu ana nia mbaya, nafasi ipo.

Tuje kwenye yaliyothibitishwa, maana ni machache na yanasimulika.

Januari 30, 2016, mji wa Zolder, Ubelgiji, mashindano ya dunia ya sayklokrosi, zile mbio za kwenye matope ambapo mwendeshaji hubadilisha baiskeli katikati ya mbio ili mafundi waoshe ile chafu. Wakaguzi walipita na vifaa vyao mahali baiskeli za akiba zinapowekwa. Baiskeli moja, ya msichana wa Kibelgiji wa miaka 19, Femke Van den Driessche, ikapiga kelele. Walipochomoa nguzo ya kiti wakaona nyaya. Ndani kulikuwa na mota ya Vivax pamoja na betri yake, na swichi yake ilikuwa imefichwa chini ya utepe wa usukani, ikiwasiliana kwa bluetooth. Alilia, akasema baiskeli si yake, ni ya rafiki, na kwamba fundi aliiosha na kuileta kwa makosa. Hakwenda hata kusikilizwa kesi yake. Alitangaza kuacha mbio. Alifungiwa miaka 6 na kutozwa faranga 20,000 za Uswisi, na ubingwa wake wa Ulaya ukafutwa.

Huyo ndiye wa kwanza, na katika ngazi za juu za mchezo huu ndiye wa pekee kukamatwa na kuhukumiwa. Zingatia pia kuwa hakuwa mtu wa Tour de France. Alikuwa kijana anayechipukia kwenye mbio za matope.

Wengine waliokamatwa ni watu wa mtaani tu, na hao mimi ndio wanaonichekesha na kunisikitisha. Mwaka 2017 huko Dordogne, Ufaransa, mzee mmoja wa miaka 43, mshindani wa mbio za vijijini, alianza kushinda ghafla. Wenzake wakamtilia shaka, wakaguzi wakamvizia, na miongoni mwao alikuwemo Christophe Bassons, mwendeshaji wa zamani aliyejulikana kwa kukataa dawa wakati wenzake wanajidunga. Mota ikapatikana. Akakiri, akalalamikia mgongo wake. Mahakama ikampa saa 60 za kazi ya kijamii. Fikiria: mtu ananunua mota ya maelfu ya yuro ili ashinde mbio ambazo zawadi yake pengine ni nyama na bahasha ndogo. Mwaka huohuo Italia, karibu na Brescia, mwingine alinaswa kwa kamera ya joto akiwa barabarani, bomba la kiti linawaka kwenye kioo kama jiko la makaa.

Sasa video zenu. Ile mnayoitazama barazani, naamini ni ya Ryder Hesjedal, Mkanada, kwenye Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mwaka 2014, hatua ya 7. Alianguka kwenye kona, akateleza, na baiskeli iliyolala chini ikaanza kujizungusha kama pia, hata ikakaribia kugongwa na pikipiki. Mamilioni waliitazama na kusema: hiyo hapo, mota imesahaulika kuzimwa!

Kaa nami kidogo hapa. Gurudumu la nyuma lilipoanguka lilikuwa likizunguka kwa kasi ya kilomita 40 hivi kwa saa. Rimu na tairi na tyubu, tuseme kilo moja, zote ziko pembeni mwa duara, mbali na habu, kile kitovu cha katikati. Nguvu iliyohifadhika kwenye gurudumu kama hilo ni joule 60 na kitu. Joule 60 zinaweza kuinyanyua baiskeli nzima ya kilo 7 kutoka chini hadi usawa wa kifua cha mtoto, karibu mita moja hewani. Je, zitashindwa kuisukuma pembeni ikiwa imelala kwenye lami laini, pengine kwenye mteremko? Tairi linapogusa lami linashika, linavuta, na kwa kuwa usukani umejikita upande wa mbele, baiskeli haina pa kwenda isipokuwa kuzunguka. Ukitaka kuamini, nenda uwanja wa Tononoka, pindua baiskeli yako, zungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu zako zote kwa mkono, kisha ilaze chini upesi. Itakufanyia vituko hivyohivyo, kwa kadiri ndogo. Kesho yake wakaguzi waliifungua baiskeli ya Hesjedal na za wenzake wa timu. Hawakukuta kitu.

Hata mimi nimeaibika kwa jambo la namna hiyo. Miaka ya nyuma niliwahi kumwambia mteja mbele ya watu kuwa baiskeli aliyouziwa ina kitu ndani, kwa sababu gurudumu lilikuwa halisimami: unalizungusha, unakunywa kahawa, unarudi, bado linakwenda. Nikaifungua kwa mbwembwe. Nilichokuta ni habu nzuri yenye gololi safi, kitu ambacho mikono yangu iliyozoea baiskeli za Black Mamba zilizojaa mchanga wa Kongowea ilikuwa haijawahi kukiona. Mteja alicheka, mimi nikamfungia bure.

Video nyingine maarufu ni ya Fabian Cancellara, Mswisi, mwaka 2010. Masika yale alishinda mbio za Tour of Flanders na za Paris-Roubaix ndani ya wiki moja. Kwenye Flanders, juu ya kile kilima cha mawe cha Geraardsbergen, alimwacha Mbelgiji Tom Boonen, yeye Cancellara akiwa amekaa kitini, bila kusimama kwenye pedeli, na Boonen si mtu wa kuachwa. Video ikasambaa ikionyesha mkono wake ukicheza kwenye usukani kabla ya kuondoka. Mkono wa mwendeshaji unacheza kwenye usukani mara mia kwa siku: ndiko zilipo gia, ndiko ziliko breki. Cancellara alikanusha, na hadi leo hakuna aliyeleta hata skrubu moja. Lakini kelele zile zilikuwa na faida, kwa sababu Tour ya mwaka huohuo UCI walianza kuzipitisha baiskeli kwenye mashine ya kuchungulia.

Na mwaka 2021 gazeti la Uswisi, Le Temps, liliandika kuwa waendeshaji watatu, bila kutajwa majina, walisikia mlio usio wa kawaida kwenye magurudumu ya nyuma ya baadhi ya wenzao. Tadej Pogačar, aliyeshinda Tour mwaka huo, aliulizwa, akakana. Ushahidi wa sikio huo, nitaurudia nikifika kwenye zzz yako.

Kuhusu gurudumu lenyewe kuwa mota: utasikia kuna rimu zenye sumaku ndani na koili zilizofichwa, zinazosukuma bila kugusana, kwa bei ya yuro 200,000. Habari hiyo ilienezwa na magazeti ya Italia mwaka 2016, na mhandisi mmoja wa Hungaria, Istvan Varjas, ameieleza mara nyingi mbele ya kamera. Kwa elimu ya umeme haikatazwi. Kuna hata treni za kisasa zinazosukumwa hivyo. Lakini kama msuka mota nina neno. Ili ipate nguvu ya maana, sumaku lazima ziwe kali na koili iwe karibu nazo kabisa, milimita chache, wakati rimu inayumba ikipita kwenye mawe. Na sumaku kali nyingi zilizopangwa kwenye duara ndicho kitu rahisi kuliko vyote kugundulika. Ningeambiwa nichague mahali pa kuficha, nisingechagua hapo. Hakuna mbio hata moja ambako gurudumu kama hilo limekamatwa.

Wakaguzi nao wana historia yao, na si yote ya kujivunia. Kwa muda walikuwa wakifungua baiskeli kwa mkono na kuchungulia kwa kamera za bomba. Mwaka 2016 wakaja na tableti: inatoa uga wa sumaku, unaipitisha kando ya fremu, ikiona uga umevurugika inakuambia. Ndiyo iliyomnasa yule msichana wa Zolder. Lakini chemchemi ileile televisheni ya Ufaransa, kwa kushirikiana na gazeti la Corriere della Sera la Italia, ilipeleka kamera ya joto kwenye mbio mbili za Italia na kudai imeona fremu na habu zenye joto lisiloelezeka. Habu hupata joto kwa msuguano, na fremu iliyoegeshwa juani hupata joto kwa jua, kwa hivyo mimi picha hizo hazikunishawishi. Zilichofanya ni kuwaaibisha UCI. Tour ya mwaka ule kamera za joto zikatumika rasmi, na mwaka 2018, baada ya David Lappartient kuchaguliwa kuwaongoza, likaletwa sanduku la eksirei lenye magurudumu: baiskeli nzima inaingia, picha inatoka, mpaka nyuzi za spoki unaziona. Kwa eksirei hakuna ubishi. Tour ya 2023 walifanya ukaguzi 997 na hawakukuta kitu. Siku hizi wametangaza pia zawadi kwa mtu wa ndani atakayeleta habari, na mimi naona hilo ndilo la maana kuliko mashine zote, kwa sababu siri ya mtungi aijuaye kata. Mota haijiweki yenyewe kwenye fremu. Kuna fundi aliyeiweka, kuna aliyeichaji usiku hotelini. Ukichunguza udanganyifu wa zamani wa mchezo huu, wengi waliumbuliwa na waliokuwa wakiishi nao. Hata mwaka 1904, Tour ya pili kabisa, wanne wa kwanza walinyang'anywa ushindi kwa hila za barabarani na akapewa kijana wa miaka 19, Henri Cornet, na walioumbuliwa waliumbuliwa kwa midomo ya watu.

Hukumu yangu, kwa kuwa umeniuliza mimi: kati ya 2010 na 2017, wakati mota inanunuliwa dukani na ukaguzi ni wa kubahatisha, siwezi kuweka mkono juu ya msahafu nikasema hakuna mtu mkubwa aliyejaribu. Mlango ulikuwa wazi. Kwa mbio za leo, anayevaa jezi ya njano ya kuongoza Tour baiskeli yake inaingia kwenye eksirei kila jioni, na anayetaka kudanganya ana njia rahisi zaidi za kufanya hivyo, zile za sindano na vidonge. Kasi yao ya sasa ina maelezo mengine mengi, ya kuchosha kusimulia barazani: tairi pana zinazobingirika kwa urahisi zaidi, nguo zinazopimwa kwenye handaki la upepo, na wanga gramu 100 na zaidi kwa saa wanazoweza kuzila bila tumbo kuasi.

Sasa Mazeras.

Wewe mwenyewe umeniletea jibu ndani ya swali na hukuliona. Una kilo 84. Weka baiskeli, maji na viatu, unaburura kama kilo 95 kupanda kile kilima. Mwenzako kwa kilo 60 na baiskeli ya kaboni anaburura 69. Yeye akitoa wati 250, wewe ili uende naye sawa unahitaji kama 340. Wati 90 za ziada mwanangu, na zote ni za uzito tu, bila mota yoyote. Kwa maneno mengine, mota yake ni tumbo lako. Usikasirike, mimi nina 91.

Umeniambia pia "tangu aipate". Aliipata lini? Kama ni baada ya Aprili, basi kusi imeanza. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini kuelekea bara, na barabara ya Mariakani inakwenda hukohuko. Nyote mnasukumwa, ni kweli, lakini mwepesi aliye mbele akipata upenyo anapepea, na nyinyi nyuma mnazibana mbavu mkidhani ni yeye tu aliyeongeza kasi. Linganisha saa zenu na za mwezi wa Januari, wakati kaskazi inawapiga ubavuni, kabla hamjasema lolote.

Kamlio ka zzz. Baadhi ya baiskeli za kaboni za mtumba zinazoingia zina gia za umeme. Shimano walianza kuziuza mwaka 2009, huitwa Di2, na ndani yake mna mota halali: kijimota kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Akibonyeza kitufe, kinalia zzz, nusu sekunde, kimenyamaza. Na kitufe kiko wapi? Kwenye usukani, chini ya vidole. Ndiyo hao vidole visivyotulia. Mota ya kusukuma hailii nusu sekunde. Inalia muda wote inapofanya kazi, na sauti yake hupanda na kushuka kwa mwendo wa pedeli. Sikiliza tofauti hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, usimvizie. Mwambie unataka kuitazama baiskeli yake vizuri, kama mtu anayetaka kununua ya namna hiyo. Kila mwenye baiskeli mpya anapenda kusifiwa. Iinue gurudumu la nyuma na uzungushe pedeli mbele polepole, ziache. Zikiendelea kuzunguka zenyewe kwa nguvu, hapo una hoja. Pima uzito: baiskeli ya kaboni ya mbio inayozidi kilo 10 bila sababu ni ya kuulizwa. Tazama bomba la kiti: mota za aina ya Vivax zinahitaji bomba la duara lililonyooka, upana wa ndani milimita 31 hivi. Kama bomba lake ni bapa kama bawa la samaki, lile la kukata upepo, haingii. Tazama chupa asiyokunywa, na kimfuko ambacho hakifunguliwi hata tairi likipasuka.

Simu yako pia ina dira, na dira ni kipimo cha sumaku. Kuna programu za bure zinazoonyesha namba. Hapa kwetu ukiwa mbali na vyuma itasoma maikrotesla 30 na kitu. Ipitishe taratibu kando ya bomba la kiti, kutoka juu hadi kwenye krenki. Kaboni haitaigusa. Sumaku za mota zitairusha namba mpaka mamia. Ukifika kwenye krenki itapanda kidogo kwa sababu ya ekseli ya chuma, hiyo isikutie kiwewe. Ni binamu ya ile tableti ya UCI, ila ya mfukoni.

La mwisho ni kuchomoa nguzo ya kiti na kumulika kwa tochi. Hapo onyo: ukikuta waya na kijibetri chembamba kama kidole ndani ya nguzo, usipige mayowe. Betri ya Di2 hukaa hukohuko. Unachotafuta ni silinda ya chuma iliyojaza bomba, chini zaidi, karibu na krenki, ambako tochi yako inapaswa kuona shimo tupu. Na kabla ya kuchomoa weka alama ya utepe pale nguzo ilipofikia, uirudishe kimo chake. La sivyo utamharibia magoti kijana wa watu bure.

Na ukiikuta kweli hiyo silinda, mwanangu, kabla hamjafukuzana mniletee niione. Mota zote hizi nilizosuka, ile ya Vivax sijapata kuishika mkononi, na ningependa sana kujua wameipatia vipi nafasi ile gia ya chini.